Pambo la Meza Limo Shambani Mwako

Sherehe hazipungui huku kwetu. Idd zikipita, arusi hufuata. Arusi zikipungua, Krismasi imefika. Na katikati yake kuna mikutano ya vyama vya ushirika, siku za wazazi shuleni, na ile siku ambayo Bwana Shamba huja na wageni wake kutazama mihogo na machungwa yetu. Kila mara huwekwa meza, na kila mara mtu mmoja huambiwa, "Wewe, tazama namna ya kuipamba." Aghalabu mtu huyo hukimbilia dukani.

Mimi nimekuwa mtu huyo mara nyingi. Kazi yangu ni ukarani katika afisi ya ukulima, lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, watu hudhani kwamba anayejua kuandika ubaoni kwa hati nzuri hawezi kushindwa na meza. Mara ya kwanza nilivuka feri ya Likoni mpaka Mombasa, nikanunua maua ya plastiki na vitambaa vya kung'aa kwa fedha ambazo zingetosha nusu ya mfuko wa mbolea. Upepo wa kaskazi uliyaangusha maua yale mara mbili wakati mgeni wa heshima akihutubia, na baada ya mwezi mmoja dirishani jua lilikuwa limeyapausha. Mpaka leo yamo ndani ya sanduku juu ya kabati, wala sijapata mtu wa kumpa.

Mara ya pili nilijifanya mwerevu. Mke wangu ni mtu wa Msambweni, na mdogo wake alikuwa akiolewa. Nikasema moyoni, mwaka huu sinunui kitu, minazi ya mama mkwe ipo. Nikamwambia mama kwamba nitachukua maua kidogo mnazini, naye akaitikia tu, kwa sababu mkwe hakataliwi mbele za watu. Mkwezi aliniuliza mara mbili, "Mwenyewe amejua?" Nikamjibu kwamba amejua. Akanikatia mapanda matano kutoka minazi mitano. Panda, kwa wale mliotoka bara, ni lile shada la maua linalotoka ndani ya karara, lenye rangi ya malai na punje ndogo ndogo kama shanga. Niliyasimamisha katikati ya meza ya bibi arusi ndani ya mitungi, na kusema kweli yalipendeza mno. Watu walipiga picha.

Mwaka uliofuata, karibu mwezi uleule, mama mkwe aliniita chini ya mnazi mmojawapo. Hakugombeza. Alinionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na makole mawili, moja juu na moja chini, na katikati yake pengo. Akasema, "Mwanangu, arusi ile uliipamba vizuri, kila mtu alisifu. Sasa njoo unipambie na chungu." Nikasema, "Naam, mama," nikatazama chini. Alikwisha piga hesabu yake: kole moja kwake hutoa nazi saba au nane, basi mapanda yangu matano yalikuwa nazi thelathini na tano hata arobaini. Kwa mama anayepika wali wa nazi na kuuza mbili tatu ili apate sukari, hizo si maua.

Baada ya hapo nilimwuliza Bwana Shamba wetu, naye akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua. Mnazi mzima ulio katika afya nzuri hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti hutoka karara moja. Tangu ua kushika hata nazi kukomaa ni kama miezi kumi na miwili. Kwa hiyo ukikata panda kwa sherehe ya mwezi huu, hutaona hasara leo wala kesho. Utaiona mwakani, wakati umekwisha sahau sherehe yenyewe, na pengine utalaumu mvua.

Kubaya zaidi ni kukata yale makuti machanga ya kileleni, meupe na laini, ambayo mafundi wa mapambo huyapenda kwa kusuka. Mnazi una kichwa kimoja tu. Ukikiharibu hauchipui kando kama mwembe, hufa. Hata kama kisu hakikufika moyoni, jeraha bichi humwalika dundu wa minazi, yule mweusi mwenye pembe ambaye wengine humwita chonga, naye akishaingia kileleni mnamjua kazi yake.

Tangu hapo, kabla ya kushika kisu najiuliza swali moja: kitu hiki shamba limekwisha maliza nacho kazi, au bado? Nimeona kwamba vilivyokwisha kazi ni vingi kuliko meza tulizo nazo.

Cha kwanza, na kwangu mimi ndicho bora kuliko vyote, ni karara lenyewe. Panda likishatoka na nazi kushika, karara hukauka na mwisho huanguka chini. Watoto hulichezea kama mashua, na akina mama hulitia motoni. Litazame vizuri: lina umbo la mtumbwi, jembamba ncha zote mbili na pana katikati, na urefu wake waweza kufika mkono mmoja na zaidi. Hapana fundi anayeweza kuchonga meza ikapata pambo zuri kuliko hilo kwa bei ya bure.

Utwae karara lisilopasuka wala kuliwa na mchwa. Lisugue kwa maji na mchanga mpaka vumbi litoke, ulianike juani siku mbili, kisha ulipake mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa. Rangi yake hugeuka ikawa ya kahawia iliyoiva, kama mlango wa zamani. Likiyumba mezani, ulikalishe juu ya vipande viwili vya kumbi. Ndani yake tia mchanga kiasi cha vidole viwili; mchanga huu ndio unaolizuia lisipeperuke. Yafaa uwe mchanga wa kijito, si wa pwani. Wa pwani una chumvi, na ukitaka kusimamisha maua mabichi ndani yake ukaumwagia maji, maua yatanyauka kabla wageni hawajafika.

Juu ya mchanga, panga majani ya mwembe au ya mchungwa, yale mazee ya kijani iliyokoza ambayo hubaki mazuri siku mbili. Halafu panga matunda. Wakulima wa Shimba Hills na Lukore hawana haja ya kufundishwa habari ya machungwa. Ndimu zikiwekwa kati ya machungwa rangi hujitokeza vizuri zaidi, na chana moja ya ndizi ikiegemezwa kwenye ncha hufanya kama tanga. Mwezi wa Desemba mpaka Februari kuna maembe. Yaoshe matunda na kuyapangusa kwa kitambaa safi, kwa sababu pambo hili huliwa: chakula kikiisha, mwenyeji hulisogeza karara mbele ya wageni na kila mtu hutwaa chake. Sijaona ua la plastiki likifanya hivyo.

Mabibo lakini nawatahadharisha. Najua ni mazuri, mekundu na manjano, tena msimu wa korosho huangukia sikukuu za mwisho wa mwaka, kwa hiyo ni vigumu kuyapita. Lakini bibo halingoji. Lililochumwa asubuhi huanza kuchacha jioni, nzi hujaa, na maji yake yakidondoka juu ya kitambaa cheupe doa halitoki kwa sabuni yoyote. Ukiyataka, yaweke katika sahani ya udongo dakika za mwisho. Na korosho mbichi zenye maganda zisiwekwe kamwe penye watoto, kwa maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo.

Wenzetu wa Diani na Ukunda wanaofanya sherehe nje chini ya miti wana adui mwingine. Tumbili hapangiwi kiti. Nilishuhudia arusi moja ambapo pambo zima la ndizi lilipanda mwarobaini kabla ya dua kwisha. Afadhali kulifunika kwa kanga mpaka watu wamekaa, na kumweka kijana mmoja karibu. Huko juu karibu na hifadhi ya Shimba Hills, nyani hafukuzwi na kijana mmoja, wekeni ndani.

Cha pili ni vifuu. Kila nyumba ya pwani huvitupa kila siku. Kifuu kikikatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa kipande cha chupa, kisha kwa jani la msasa, hung'aa chenyewe bila rangi ya dukani. Hutiwa ndani yake karanga za kukaanga, au kashata, au mashada madogo ya rehani, vikapangwa vitano au sita katikati ya meza. Ukitaka kutia maji, chagua nusu ya chini ile isiyo na macho. Nusu yenye macho matatu ina jicho moja laini, nalo huvuja. Nimepata aibu hiyo juu ya kitabu cha mahudhurio cha mkutano.

Kifuu hicho cha chini waweza kukifanya taa kwa sherehe ya jioni. Jaza maji nusu, juu yake mimina mafuta ya nazi kiasi cha nusu kidole, na uelezeshe utambi wa pamba uliopitishwa katika kipande kidogo cha bati. Mafuta yakiisha, utambi hukutana na maji ukazimika wenyewe. Usitumie usufi, maana hushika moto ghafula. Wala usiwashe taa ya namna hii chini ya paa la makuti lililo chini, au mahali upepo unapopiga, au ukaiacha bila mtu. Paa la makuti la miezi ya kaskazi ni kama karatasi. Mwenye nyumba ya namna hiyo atumie vifuu kwa rehani na ataridhika.

Cha tatu ni maganda ya mrangi, ambao wengi wetu huuita biksa. Mkulima huuza mbegu, ganda hubaki. Ganda hilo lina manyoya kama nungu mdogo, na likipasuka hufunguka sehemu mbili zenye umbo la moyo. Toeni mbegu zote kwanza, kwa kuwa ndizo fedha, tena rangi yake hushika nguo, kuta na vidole. Halafu yakung'uteni maganda vizuri, yafungeni katika vijiti vifupi yakiwa mashada, muyasimamishe ndani ya karara. Hukaa mwaka mzima bila maji. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliniuliza maua hayo yametoka nchi gani.

Sasa habari ya harufu. Watu wa bara hupamba kwa ajili ya macho, lakini watu wa pwani tangu zamani hupamba kwa ajili ya pua pia. Asumini, mlangilangi, waridi na rehani havikosi katika arusi ya Mdigo au ya Mswahili, na kikuba kilichofungwa na mama mwenye mkono mzuri hutambulikana kabla hujafika mlangoni. Asumini ichumwe alasiri ikiwa ingali tumba, ifungwe katika kitambaa kibichi, nayo itafunguka usiku mbele ya wageni. Ikichumwa imekwisha funguka, asubuhi huwa rangi ya chai. Mezani penye chakula tumia kidogo. Harufu ya mlangilangi na harufu ya samaki wa kupaka hazipatani.

Tena, si kila nyumba hulia mezani. Kwa wengi wetu, hasa siku ya Idd, chakula huliwa juu ya mkeka, na katikati pa mkeka ni pa sinia. Usithubutu kuweka kitu kati ya mkono wa mtu na wali. Hapo pambo lililopo ni kawa, lile kawa la miyaa ya rangi linalofunika chakula. Ukiwa na kawa zuri lililosukwa na akina mama wa kwetu, umemaliza kazi ya katikati. Weka vifuu vya rehani kwenye pembe za mkeka na karara la matunda mlangoni. Nimeona nyumba moja ya Mkamba huko Shimba Hills, ya watu ambao wazee wao walikuja kutoka Ukambani katika miaka ya 1950, ambapo kiondo cha mkonge kilijazwa machungwa na kuwekwa juu ya mkeka wa Kidigo. Mama wa nyumba alikisuka kiondo mwenyewe, na mkeka alipewa na jirani. Sikuwa na la kuongeza.

Pambo la meza ndefu lisipite kimo cha shibiri moja na nusu. Mwenyekiti anayezungumza na katibu wake kwa kuchungulia kati ya matawi hutia mkutano mzima katika kicheko. Na ukitaka kusuka kitu kwa makuti, twaa kuti la chini kabisa lililoanza kulegea na kugeuka rangi. Hilo mnazi umekwisha liaga.

Yako mambo ambayo nimeyaona mezani nami nisingependa kuyaona tena. Mojawapo ni kombe na makome ya bahari. Najua ufuko wa Diani uko karibu. Lakini kome linaloonekana tupu mara nyingi ni nyumba ya mwanamizi, na lisilo tupu lina mwenyewe ndani ambaye atanuka siku ya tatu. Bahari ya Diani mpaka Chale ni hifadhi ya taifa tangu 1995, na sheria ya wanyama haina mchezo na mtu aliye na gamba la kasa, hata kama lilikuwa pambo la babu yake. Vivyo hivyo misitu ya kaya. Kaya Kinondo na wenzake waliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee wa kaya walikuwa wakikataza kuvunja tawi mle kabla UNESCO haijazaliwa. Mtu asilete mezani jani lililotoka huko.

Jingine ni sumu. Mtipitipi, ule mtambaa wenye mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, watoto huzitunga shanga na watu wazima huzitia katika bakuli kwa uzuri wake. Mbegu moja ikitafunwa na mtoto yaweza kumwua. Mbono nao una vishada vyekundu vya kuvutia, na mbegu zake si mchezo. Oleanda, ule mti wa bustanini wenye maua ya waridi na majani membamba magumu yenye utomvu, ni sumu tangu mzizi hata ua, na hata maji ya chombo yaliyokaa na matawi yake yasinywewe. Vitu hivi visikaribie meza ya chakula. Mtoto akitafuna chochote katika hivyo, mpelekeni hospitali upesi pamoja na tawi la mmea wenyewe, msingoje aanze kutapika.

Kwa wanaofanya sherehe ufukweni, kumbukeni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika fukwe, misitu na hifadhi, kama vile mifuko ilivyopigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Vifuu vilivyosuguliwa ndani hufanya vikombe vizuri vya maji ya madafu, na mkiisha sherehe mnarudi navyo.

Sherehe ikiisha, mchanga umwagwe, karara lipanguswe na kuanikwa, kisha lihifadhiwe darini juu ya jiko, mahali moshi unapopita. Wadudu hawapendi moshi. Maganda ya mrangi hufungwa ndani ya gazeti. Majani na maua hutiwa katika shimo la mbolea, na huo ndio mwisho wa gharama.

Mama mkwe wangu alikuja Krismasi iliyopita kututazama, akakuta karara mezani lenye machungwa. Aliligeuza, akatazama chini yake kama mtu anayenunua chungu, akauliza, "Hili liliokotwa au lilikatwa?" Nikamwambia liliokotwa. Akakaa, akamenya chungwa. Karara hilo lingali darini. Limekwisha hudhuria arusi mbili na mkutano mmoja wa ushirika, na bibi mmoja wa Lukore ameliomba kwa mwezi ujao.